Nilivyolitatua boflo la mayai lililokuwa likiroa kabla ya saa nne

Jamani hili lilinisumbua sana. Natoka Fuoni asubuhi na boflo langu nimelijaza mayai mawili, tungule (nyanya) na vitunguu, nafika kazini Darajani nalifungua saa nne limeroa chapachapa, mkate umekuwa kama uji. Nikadhani boflo bovu, nikabadilisha duka, wapi!

Kumbe ni mvuke. Nilikuwa nalifunga la moto, mvuke hauna pa kutokea unarudi kuwa maji, na tungule nayo ikishatiwa chumvi inatoa maji yake yote humohumo ndani.

Sasa hivi tungule naikata, natoa zile mbegu na majimaji yake, natia chumvi kidogo naiacha kama dakika 10 kisha naikausha kwa kitambaa safi. Boflo nalipasua, upande wa ndani naupaka siagi halafu naubabua kwenye chuma cha chapati mpaka upige rangi, maana mafuta yanazuia maji yasiingie kwenye mkate, hii usiiruke hata ukichelewa. Mayai nayakaanga yaive khasa, nayaacha yapoe kwenye sahani ndo nayatia. Nikitaka la kushibisha naongeza vipande vya kiazi cha kuchemsha, na achari naiweka kati ya yai na kiazi isiguse mkate. Nalifunga kwa karatasi.

Juzi mwanangu nilimfungia lake la skuli, karudi ananambia mama kesho nitilie mawili.