Muumba Aliyemkimbia Kiumbe Wake

Somo: Mwanzo 3:8-21

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili tusome Mwanzo 3 sambamba na hadithi moja ya kutisha, Frankenstein, ambayo Mary Shelley alianza kuiandika karibu na Geneva mwaka 1816, akiwa na miaka 18, ikachapwa London mwaka 1818. Wengi tumeijua kwa filamu, tukadhani Frankenstein ni jina la lile zimwi. Sivyo. Ni jina la ukoo wa Victor, kijana aliyelitengeneza. Zimwi lenyewe halikupewa jina.

Victor anasoma Ingolstadt, Ujerumani, na anataka kuijua siri ya uhai. Karibu miaka miwili anakusanya mifupa ya wafu na kujifungia chumba cha juu, usingizi hana, afya inamwishia. Baba yake alishamwambia kwamba barua zikikatika, atajua na wajibu mwingine umetelekezwa. Zikakatika. Mimi naona hatari ilianzia hapo, kabla hata ya maiti. (Mlio vyuoni mkihangaika na tasnifu, pigeni simu nyumbani.) Paulo anasema, "Ujuzi huleta majivuno, bali upendo hujenga," 1 Wakorintho 8:1, na Victor mwenyewe anakuja kukiri kwamba elimu inayopunguza upendo wako kwa watu si halali. Amechelewa.

Usiku mmoja wa Novemba, mshumaa ukikaribia kuzimika, kiumbe anafumbua jicho la njano. Victor anatoka mbio. Anajitupa kitandani na nguo zake; akishtuka usingizini, kiumbe ameinua pazia la kitanda, anamtazama, anababaika kutoa sauti, mkono ameunyoosha. Victor anakimbia tena na kukesha uani.

Sasa turudi Edeni. Huko nako ujuzi umetamaniwa kupita mpaka uliowekwa, na yupo anayejificha. Ila anayejificha ni Adamu. Muumba ndiye anayemfuata bustanini na kumwita, "Uko wapi?" Hukumu anaitamka yote, hapunguzi neno, na bado mstari wa 21 unasema aliwafanyia mavazi ya ngozi, "akawavika." Yule wa Ingolstadt aliona baridi, akajichukulia mwenyewe nguo chumbani kwa Victor, akatokomea usiku. Hazikumtosha hata kwa umande.

Baadaye anajifunza kusoma kwa kujificha, anakutana na habari za Adamu kitabuni, kisha anamwambia Victor ana kwa ana kwamba ilipasa yeye awe Adamu wake. Sijui kama kuna mashtaka mazito kuliko hayo. Vifo anavyosababisha kiumbe huyo, vya mdogo wake Victor, rafiki yake, na mkewe usiku wa harusi, tunavijua.

Kwa hiyo siungani na wanaoitumia hadithi hii kuwatisha vijana wasisome sayansi. Katika Kutoka 31 Mungu anamjaza fundi Bezaleli roho yake, pamoja na maarifa na ujuzi wa kazi. Swali langu kwetu ni jingine: tulichokianzisha kwa akili zetu, kiwe mradi, huduma au mtoto, kikitoka tofauti na tulivyokiota, tunakifuata au tunatafuta mlango?

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutasoma Ayubu 28, habari za wachimbaji wanaoshuka gizani kutafuta madini. Someni sura nzima kabla hatujakutana.