Daraja limefunguliwa, wasiwasi ukahamia barabarani

Jamani mimi nimeishi na wasiwasi miaka mingi mpaka nikawa naona ni kiungo changu cha mwili. Leo naandika maana najua kuna mama mwenzangu atasoma hii saa nane usiku, macho makavu, watoto wamelala.

Baba watoto anafundisha Sengerema, mimi na watoto tuko Mwanza, Igogo, kule juu kwenye mawe. Ijumaa anakuja Jumapili anarudi, na miaka yote hiyo njia ilikuwa kivuko, Busisi na Kigongo. Sasa mtu aliyekulia Mwanza humwambii kitu kuhusu maji. MV Bukoba imezama Mei 21, 1996 mimi ni mtoto, nakumbuka watu wazima wamekaa kwenye redio wanalia, na mpaka leo nikipita Igoma kwenye yale makaburi nanyamaza. Halafu Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara, imebakiza kidogo tu ifike, watu zaidi ya 220 wakaondoka. Kwahiyo nilikuwa najiambia wasiwasi wangu una sababu na kweli ulikuwa nayo, sikatai.

Ila ulikuwa hauna likizo. Ijumaa saa tisa mchana naanza kupiga simu, umetoka? umefika Busisi? kuna upepo? mmejaa sana? Asipopokea nishaanza kupanga msiba kichwani, nani nimpigie kwanza, watoto nawaambiaje, yaani mpaka kitenge nitakachovaa. Akiingia mlangoni mzima napumua dakika kumi, halafu naanza kuiwaza Jumapili.

Basi Juni 2025 daraja la Kigongo-Busisi likafunguliwa. Kilomita 3 hivi juu ya maji, dakika chache umevuka, foleni ya kivuko hamna tena. Siku aliyovuka mara ya kwanza nililia kwa furaha, nikasema sasa nitalala.

Nililala wiki mbili. Ya tatu nikajikuta nawaza mabasi yanavyokimbia pale juu maana barabara imenyooka, nikatoka hapo nikahamia kwenye mawe ya nyuma ya nyumba, mvua kubwa ikipiga yakiporomoka je? nikatoka hapo nikahamia kwenye kikohozi cha mdogo. Hapo ndo nilishtuka. Kumbe siku zote haikuwa maji, kichwa kilishazoea ile kazi, ukikiondolea kivuko kinatafuta kingine.

Moyo ukawa unaenda mbio hata nimekaa tu, nikaenda hospitali, vipimo vyote safi. Daktari, mdada mdogo tu, akaniuliza hii hali ya kuwaza kila kitu ina zaidi ya miezi 6? Nikahesabu nikakuta imepita miaka 15. Hakuniambia "usiwaze", neno ambalo kila mtu ameniambia na halijanisaidia hata siku moja. Alisema wasiwasi niupe saa yake. Nusu saa kila siku, muda uleule, mahali palepale, pasiwe kitandani. Ukija asubuhi naandika neno moja kwenye daftari, nauambia saa yako bado, narudi kwenye kazi iliyo mikononi. Baadae nikasoma kumbe njia hii ni ya zamani, mwanasaikolojia Thomas Borkovec na wenzake huko Marekani walishaijaribu kwa watu na kuiandika 1983.

Mimi nimechagua saa kumi na moja jioni, kwenye jiwe nyuma ya nyumba, lilelile nililokuwa naliogopa. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu sana, daftari lilijaa kurasa mbili kabla ya mchana. Ila ikifika jioni nafungua nasoma "kikohozi" na mtoto anaruka kamba mbele yangu, maneno mengi yanakuwa yameshapoa yenyewe. Yaliyobaki najiuliza, kesho kuna cha kufanya? Kwenye mawe kilikuwepo, nikamuita mwenyekiti wa mtaa aje aangalie, tukachimba mtaro maji yasipite chini yake. Pasipo na cha kufanya nasali, nafunga daftari.

Simu ndo zilinitesa kuliko vyote. Kila nikipiga napata nafuu dakika tano, halafu natamani kupiga tena, ni kama kujikuna upele. Tukakubaliana meseji moja tu, akishavuka daraja na kufika Usagara.

Haujaisha wote. Mkubwa alipofanya mtihani wa darasa la saba sikulala siku tatu, daftari nikalisahau kabisa, nikaanza upya. Na wewe dada kama huli wala hulali usiishie kwangu, nenda ukaonwe.

Ijumaa iliyopita meseji haikuja. Nikapiga mara moja, haipatikani. Mikono ilitetemeka nikaandika "Usagara", nikaendelea kuparua sato. Saa kumi na moja nikapanda jiweni, ziwa limetulia, nikalia kidogo kwakweli, nikasali, nusu saa ikaisha nikashuka kusonga ugali. Akaingia saa moja kasoro, simu ilizima chaji, kashika mfuko wa maembe. Akanitazama, "mama, leo mbona sikuti umesimama mlangoni?"

Nikamwambia kanawe, chakula kinapoa.