Mstari wa Penseli

Juzi mwanangu alikuwa akichora nyuma ya karatasi alizozikuta kwenye droo yangu, kisha akaigeuza moja na kuniuliza, "Mama, mbona hii mistari miwili imelala upande?" Ilikuwa patografu ya zamani, karatasi ya kufuatilia mwenendo wa uchungu wa kuzaa, tupu, nami nikajikuta nimerudi wodi ya wazazi, asubuhi ile niliyokaribia kumgombeza mkunga aliyenizidi umri na miaka ya kazi.

Tulikuwa tumeletewa karatasi mpya, iliyotokana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020. Katika patografu tuliyoizoea tulianza kujaza njia ikifunguka sentimita 4, na mstari wa tahadhari ulimtaka mama aongeze sentimita 1 kila saa. Karatasi mpya ilianzia sentimita 5, na mistari yote miwili, huo wa tahadhari na ule wa kuchukua hatua, ilikuwa imeondolewa, kwa kuwa wengi huuvuka huo wa tahadhari na bado wakajifungua salama. Kama kiongozi wa wodi niliyaeleza hayo wakati wa kukabidhiana zamu, nikagawa karatasi, nikauliza kama kuna swali, na kimya kilichofuata nikakihesabu kuwa kukubali.

Asubuhi ya nne nikachukua karatasi ya mama wa kitanda cha tatu. Mapigo ya moyo ya mtoto yalikuwa yamejazwa kila nusu saa bila kurukwa. Saa nane usiku njia ilikuwa sentimita 5, na saa kumi na mbili asubuhi ikawa 6, hali ambayo karatasi mpya inaivumilia, kwani katika sentimita 5 inasubiri hadi muda wa saa sita upite kabla ya kutoa tahadhari. Lakini juu ya alama hizo ulipita mstari wa penseli, umenyooshwa kwa rula, ukipanda kama ule uleule tuliouondoa. Chini yake palikuwa na kivuli cha ufutio; yule mkunga alikuwa ameuchora, akaufuta, akauchora tena.

"Mama, hii ni nini?" nilimwuliza, kwa sauti ambayo hadi leo siipendi.

Alikuwa akinawa mikono, wala hakugeuka. "Usiku tuko wawili na wazazi saba, Sista. Zamani nikimpigia daktari nikamwambia mgonjwa amevuka mstari, anakuja. Sasa nimwambie amevuka nini?"

Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata tulikaa na madaktari tukakubaliana maneno ya kusema kwenye simu, na yeye ndiye aliyewafundisha vijana. Yule mzazi alijifungua salama kabla ya adhuhuri. Karatasi mpya ingeweza kujisifu kwa hilo, ingawa mimi namfikiria zaidi aliyekesha kando ya kitanda, karatasi moja mkononi na nyingine kichwani.

Amekwisha kustaafu. Ile penseli sikuwahi kumkataza, wala kumruhusu.

Mwanangu nilimjibu kwamba mistari ile ilikuwa ya kumwitia daktari. Akachukua rula, akaongeza wa tatu.