Sonona ya uzazi: namtazama pia yule mtoto mkubwa

Kwenye kliniki zetu za huku kusini, kuanzia pwani ya Lindi hadi uwanda wa juu wa Makonde, nimezoea kuanza na mtoto ambaye kadi yake haiko mezani. Mama kaleta mtoto mchanga wa wiki 6 kwa chanjo, na nyuma ya kanga yake kajificha mwingine wa miaka 2 au 3. Mchanga kanona, uzito unapanda. Ukinyoosha mkono umpe yule mkubwa biskuti, anajikunyata kama aliyezoea kipigo. Mama aliyeishiwa nguvu kwa sonona, ile huzuni nzito inayodumu baada ya kujifungua, hujikaza kwa mchanga, subira ikamwishia kwa huyu anayekojoa kitandani na kudai ugali.

Mkwe akiwepo, mama atajibu "nzuri tu". Namwomba bibi kwa adabu: "Shikamoo bibi, nisaidie kumpeleka mjukuu kwenye mzani, nibaki na mama yake kidogo." Dakika 10 zinatosha. Siulizi "una sonona?", watu husema moyo mzito, mawazo, kichwa kinawaka moto. Nauliza: Wiki hizi mbili umekuwa na majonzi, umekata tamaa? Uliyokuwa unayapenda bado yanakupa raha? Mtoto akilala, nawe unalala? Hilo la tatu naliamini sana. Kila mzazi huamshwa na mtoto, lakini anayekodoa macho huku mtoto kalala ana jambo jingine.

Nikiingiwa na shaka natumia maswali 10 ya Edinburgh, kipimo cha kubaini sonona ya uzazi kilichochapishwa 1987. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 30. Mimi huchukua hatua kuanzia 10. Kosa kubwa ni kujumlisha, ukapata 7, ukafunga daftari, kumbe swali la 10, la kujidhuru, mama hakujibu "hapana kabisa". Hilo lisimamie peke yake. Likizidi sifuri, haondoki bila mtu wa kumsindikiza na kabla hajaonwa na daktari.

Machozi ya siku ya 3 hadi ya 5 baada ya kujifungua yakikoma ndani ya wiki 2 si sonona. Yakipita hapo, tusisubiri arobaini. Anayesikia sauti, anayekesha usiku baada ya usiku bila kuhisi uchovu, au anayesema mtoto kabadilishwa, huyo ni dharura ya siku hiyohiyo: hospitali ya Ligula kwa Mtwara, ya Sokoine kwa Lindi. Familia ikisema ni mashetani sibishani. Naomba hospitali itangulie, na mtoto asiachwe naye peke yake.

Kipigo hakiletwi na sonona peke yake, na akina mama wengi wenye sonona hawapigi watoto. Nikiuliza taratibu nakuta mambo yamepandana: alikuzwa kwa fimbo akaamini ndiyo malezi, mume naye anampiga, ndani hakuna unga, na msimu wa korosho ukifika anaokota mchana kutwa, mtoto mgongoni. Kati ya hayo, usingizi ndio ninaoweza kuugusa upesi. Baba namwambia: mama anyonyeshe saa tatu usiku, alale hadi saa saba, mtoto umbebe wewe au shangazi yake. Masaa 4 mfululizo.

Kilio cha mchanga huongezeka hadi karibu wiki ya 6, kikapungua kufikia mwezi wa 3 au wa 4. Akijua hivyo, mama haachi kunyonyesha kwa kudhani maziwa yake mabaya. Aangalie njaa, nepi, joto, homa. Bado analia, na mkono unamwasha? Amlaze chali kwenye mkeka sakafuni, atoke barazani dakika 5 hadi 10, anawe uso, amwite jirani. Asimtikise kabisa: shingo haijakaza, mishipa ya damu kichwani huchanika, na nje huenda usione alama.

Daktari akiandika dawa, huchukua wiki 2 hadi 4 kuonyesha nafuu. Wengi huziacha mapema wakidhani hazifai. Kunyonyesha si sababu ya kumnyima mama matibabu, zipo zinazokubalika.

Namrudisha baada ya wiki 2, kwa maswali yaleyale. Aje na yule mkubwa pia, nimpime naye uzito, ingawa chanjo zake zilishakwisha.