Jalada la Mzee Jumbe

Mwishoni mwa Januari 1984, Radio Tanzania Dar es Salaam ilipotangaza kwamba Aboud Jumbe amejiuzulu nyadhifa zake zote, yaani urais wa Zanzibar, umakamu wa rais wa Muungano na umakamu mwenyekiti wa CCM, nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nimekaa na wazee barazani kwa mjomba wangu, Kibokoni, Mombasa. Mpaka wa Kenya na Tanzania, uliofungwa tangu 1977, ulikuwa umefunguliwa Novemba iliyotangulia, na jamaa wa Unguja ndio kwanza walikuwa wameanza kuja tena. Mmoja wao alikuwa nasi jioni hiyo.

Muuza kahawa alisita, dele mkononi, kikombe kimejaa nusu. Mjomba akaongeza sauti.

"Yakhe, ipunguze hiyo redio," mgeni akamwambia, huku akiyatazama madirisha ya juu kana kwamba tulikuwa kwao Darajani, Unguja.

"Wamemtoa wenyewe kwa wenyewe," mjomba akasema, na mgeni hakumjibu.

Alisema baada ya Isha, ndani, mlango umefungwa. Jumbe alitaka Muungano wa serikali tatu, akaandaliwa jalada la hati za kulifikisha suala hilo mbele ya Mahakama Maalumu ya Katiba. Zikamfikia Nyerere kabla mwenyewe hajaziwasilisha. Halmashauri Kuu ya chama ikakutana Dodoma kujadili kile kilichoitwa kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa Zanzibar, na miongoni mwa waliosimama kumshambulia walikuwamo Wazanzibari wenzake. Hakuna askari aliyetoka kambini.

"Jalada halitembei lenyewe, sheikh," mjomba akang'ang'ania. "Nani kalitoa?"

Binafsi sikumlilia sana Jumbe, kwani naye kiti alikipata 1972 baada ya Karume kuuawa, kwa uamuzi wa Baraza la Mapinduzi bila kura ya mwananchi hata mmoja. Nafasi yake Zanzibar alipewa Ali Hassan Mwinyi, na Seif Sharif Hamad, mmoja wa waliompinga, akawa Waziri Kiongozi. Mwaka 1988 Seif naye aliondolewa, kisha akafukuzwa chamani.

Usiku ule hayo hayakuwa yamejulikana, wala mgeni wetu hakuwa na hamu ya kubashiri nani angepanda. Swali la jalada alilikwepa kila liliporudi. Alichokuwa akikiwaza ni balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa chama wa mtaani kwake, ambaye angetaka kujua, akirejea Unguja, siku ya tangazo alikuwa wapi na alizungumza na nani.