Ile mgonjwa ndiyo ilibaki

Haya, mmenisumbua vya kutosha, wacha niandike ya safari ya Marekani. Mambo ya baridi na chakula cha huko nitawaachia wengine, mi naandika juu ya ndege moja tu, XB-70 Valkyrie, ama niseme moja na nusu.

Dada yangu anakaa Columbus, Ohio, na kabla nirudi Kisumu shemeji akaniuliza nataka kuona nini, nadhani alitarajia niseme maduka. Nikamwambia shem, mi ni fundi wa bodi, miaka yote hii nanyoosha mabati ya matatu hapa Kibuye, nipeleke mahali kuna chuma. Akanipeleka Dayton kwa makumbusho ya jeshi la anga la Marekani, na kumbe kuingia ni bure, nilikuwa nimeshika waleti mkononi mpaka mlangoni kama mshamba.

Sasa ingia hanga ya nne uone XB-70 Valkyrie. Nyeupe pe, shingo kama ya korongo, zaidi ya mita 56 kutoka mdomo mpaka mkia, na huko nyuma injini sita zimepangwa mstari mmoja. Iliundwa ibebe mabomu ya nyuklia, ipite kilomita 20 juu na kasi mara tatu ya sauti. Nilipiga hesabu, hiyo ni Kisumu mpaka Nairobi dakika tano, hata maji ya chupa hujafungua. Lakini kabla haijaruka hata siku moja Warusi walikuwa washaangusha U-2, ndege ya upelelezi ya Marekani, na kombora mwaka 1960, tena makombora ya masafa marefu yakawa yanaweza kufanya hiyo kazi bila rubani, so 1961 Rais Kennedy akasema ibaki ya utafiti tu. Zikatengenezwa mbili basi.

Hapo kwa bodi ndipo nilisimama mpaka shemeji akaenda akakunywa kahawa akarudi. Sio bati la kawaida lile. Ni karatasi mbili nyembamba za chuma kisichoshika kutu, katikati kuna kitu kama sega la asali, pia chuma, na vyote vimeunganishwa kwa kubreizi, yaani kuyeyusha chuma kingine laini katikati kishike. Mtu yeyote amewahi kubreizi rejeta anajua vile hiyo kazi hukudanganya, juu inang'aa na ndani haijashika. Sasa breizi ndege nzima halafu uipeleke kasi ambayo bodi inachemka kwa msuguano wa hewa. Mahali haikushika, bati linabanduka, na lilibanduka kweli. Ile ya kwanza ilipofika mara tatu ya sauti tarehe 14 Oktoba 1965, kipande cha ukingo wa bawa la kushoto kiling'oka, karibu futi mbili, baada ya hapo wakaipiga marufuku isipite mara mbili na nusu. Na mkosi ulianza zamani, siku yake ya kwanza kuruka, 21 Septemba 1964, magurudumu ya upande mmoja yalikwama ikitua, matairi yakawaka moto. Halafu tanki moja ya mafuta ilikuwa inavuja, wakaiziba weee, ikakataa.

Ya pili ilitengenezwa na watu washajifunza. Bodi safi. Mei 1966 ilikaa kwa mara tatu ya sauti dakika 32 bila kubanduka. Wiki tatu baadaye, tarehe 8 Juni, ikapelekwa kupigwa picha, ndio, picha tu, za kampuni ya injini, ndege tano ziruke zimekaribiana. F-104, ndege ndogo ya kivita iliyorushwa na rubani Joe Walker, ikagusa ncha ya bawa la Valkyrie, ikapinduka ikapita juu ya mgongo wa Valkyrie ikang'oa mikia yote miwili. Walker akafa, na kati ya marubani wawili wa Valkyrie, Carl Cross akafa ndani yake, Al White akaokoka na majeraha. Huyo Walker ndiye alipeleka X-15, ndege ya utafiti ya roketi, karibu kilomita 108 juu mwaka 1963, akarudi salama, kisha anakuja kufa kwa sababu ya picha. Hiyo bado inaniuma.

X-15 pia iko hapo, sio ile yake lakini, ni ile ilifika kilomita 7,274 kwa saa Oktoba 1967, joto likatoboa chuma chini ya mkia na haikuruka tena. Kuna na ile ndege ilimbeba Kennedy akiwa kwa jeneza, unaruhusiwa kuingia ndani, ni nyembamba, mi nilipita kiupande. Sikukaa.

Kwa hivyo ile nzima, ya pili, iliisha jangwani, na mgonjwa, ile ya kwanza, akaendelea na utafiti pole pole mpaka 4 Februari 1969, akapelekwa Dayton akaegeshwa.

Nimerudi nikamwonyesha picha Jaduong', mzee wetu hapa gereji, yeye ndiye hutuambia vile baba yake aliona ndege za Imperial Airways, kampuni ya Waingereza, zikitua juu ya maji hapa ziwani miaka ya thelathini. Zile za aina ya Short Empire, za kutua majini, hakuna hata moja ilibaki nzima duniani, nilimwambia hivyo akanyamaza kidogo. Akavaa miwani, akavuta picha ya Valkyrie mpaka kwa bawa la kushoto, akaangalia sana. Hakuuliza kasi wala bei. Aliuliza kama ile tanki bado inavuja.

Nimemwandikia shemeji akipita huko aangalie sakafu.