Asubuhi aliyoumia tena Derrick Rose

Kila ikifika Oktoba watu wa basketi tunakuwa na imani ya ajabu, na sio Marekani tu, hata sie wa Unguja. Ligi haijaanza, hajafungwa mtu, wagonjwa wote wanasemwa washapona, wazee wote wanasemwa wamepungua mwili na wanakimbia kama zamani, na kila timu inajiona huu ndo mwaka wake. Mie naupenda sana mwezi huo mpaka leo. Ila Oktoba ya 2013 nikiikumbuka siwezi kuikumbuka peke yake, lazima ije na Novemba yake.

Mwaka ule Derrick Rose alikuwa anarudi. Kwa asiyejua, Rose ni mtoto wa Chicago mwenyewe, timu ya hapo hapo, Bulls, wakamchukua wa kwanza kabisa kwenye uchaguzi wa wachezaji wapya mwaka 2008, na 2011 akawa mchezaji bora wa NBA, ligi kubwa ya basketi ya Marekani, akiwa na miaka 22, hajatokea mdogo kuliko yeye. Kisha Aprili 28, 2012, mechi ya kwanza ya mtoano na Philadelphia, Bulls wanaongoza, imebaki kama dakika moja mechi iishe, karuka akashuka goti la kushoto likamkatikia ACL, ile kano ya ndani inayoshikilia goti. Msimu mzima uliofuata hakucheza hata mechi moja. Kwa hiyo ilipofika Oktoba 5, 2013 akaingia uwanjani kwenye mechi ya maandalizi na Indiana, wallahi hapa mjini kuna watu walifurahi kama karudi ndugu yao kutoka safari. Mechi za maandalizi hazihesabiwi kwenye ligi, kila mtu anajua, lakini sie tulikuwa tunazitafuta vipande vipande kwenye mtandao, tunatazama goti tu, anashukaje, anakataje kona, anaogopa au haogopi. Ligi ilipoanza Bulls wakapigwa na Miami, halafu siku mbili baadae, Oktoba 31, akawafunga Knicks kikapu cha ushindi zimebaki sekunde chache, 82 kwa 81. Basi ikawa yameisha, Rose karudi.

Na sie tulikuwa na Oktoba yetu. Timu yetu sitaitaja, wenyewe wanajijua. Tulikuwa tunafanya mazoezi Gymkhana baada ya alasiri, Ramadhani ilishapita, Iddi kubwa imeingia katikati ya Oktoba, na vuli ikianza kunyesha ule uwanja wa saruji unateleza inabidi tuufute kwa magunia kabla ya kucheza. Tulikuwa na matumaini makubwa sana, mana tulikuwa na Dogo. Dogo alikuwa na miaka 19, wa Kikwajuni, jezi nambari 1 kwa ajili ya Rose, na ile kasi yake ya kuingia kwenye boksi, pale chini ya kikapu, sijaiona tena kwa mtu hapa visiwani. Mechi za kirafiki zote tulishinda, na tatizo pekee, tukadhani ni tatizo, likawa Kepteni.

Kepteni alikuwa na miaka 37, anafanya kazi bandarini Malindi, na ile nafasi ya gadi, yule anayeuchukua mpira na kuchezesha timu, alikuwa nayo tangu baadhi yetu tuko skuli. Siku Ticha (kocha wetu, mwalimu wa hesabu) alipomwambia mbele ya watu kwamba msimu huu anaanza Dogo na yeye ataingia kutoka benchi, tulinyamaza wote. Mtu kama yule unamwambiaje maneno yale. Yeye akamaliza kufunga kamba za viatu, akasema tu, "Ray Allen kaingia kutoka benchi, sembuse mie."

Hapa nataka nikae kidogo mana watu wengi wanaikumbuka ile thrii ya Ray Allen, kikapu cha mbali cha pointi tatu, lakini hawakumbuki ilitoka wapi. Ilikuwa Juni 18, 2013, miezi michache tu kabla, mechi ya sita ya fainali ya NBA, Miami ya Ray Allen na San Antonio, San Antonio wanaongoza kwa tatu, zimebaki sekunde kama tano ubingwa uende kwao, mwenzake Chris Bosh anachukua ribaundi, mpira uliokosa kikapu, anampa Allen, Allen anarudi nyuma kwa nyuma mpaka kwenye kona bila ya kutazama mstari, anarusha, 95 kwa 95. Miami wakashinda kwenye muda wa ziada 103 kwa 100, wakachukua na mechi ya saba. Yule mtu alikuwa na miaka 37, miaka yote ya nyuma alizoea kuanza, na mwaka mmoja kabla yake kule Boston kifundo cha mguu kilimsumbua, kijana Avery Bradley akashika nafasi yake, na alipopona akakuta kiti chake ni cha benchi. Sasa wewe fikiria, mtu mwenye thrii nyingi kuliko wote waliowahi kucheza NBA mpaka wakati huo, anakaa, anasubiri, anaingia mwili wa baridi na bado mkono ni uleule. Ile kurudi nyuma kwenda kwenye kona alikuwa anaifanyia mazoezi peke yake kwa miaka. Mie naona hio ni kazi ngumu kuliko kuanza. Ukianza mchezo unakupasha moto wenyewe, ukitoka benchi inabidi ujipashe moto mwenyewe na roho yako pia uiweke sawa.

Kepteni akaifanya kazi hio. Anakuja wa mwanzo, anarusha thrii zake za konani, halafu anamchukua Dogo pembeni anamuonesha namna ya kusoma skrini, pale mwenzako anapomzibia njia beki kwa mwili. Na sie bado tulikuwa tunaona ni mambo ya kupita tu, kwamba mzee anavumilia.

Sasa Jumamosi yenyewe. Novemba 23 kwetu, kule Portland, Bulls walikokwenda kucheza, bado usiku wa Ijumaa. Tulikuwa kwangu, watu wachache, laptop juu ya stuli, modemu imening'inizwa dirishani ndo inashika mtandao. Kepteni kaswali alfajiri akaja moja kwa moja na boflo za moto, Dogo kaja na ile jezi yake nyekundu. Nilipika chai ya maziwa. Bulls walikuwa wanacheza vizuri, wanaongoza, Dogo anashangilia mpaka nkamwambia apunguze sauti majirani wamelala.

Kota ya tatu. Rose hana hata mpira. Anakata kurudi upande mwengine, goti la kulia linakwenda vibaya, hajaguswa na mtu. Halafu picha ikaganda. Nyie mnaojua kutazama mpira kwa modemu mnaijua ile hali, tumekaa tunatazama kile kiduara kinazunguka, mtu hasemi kitu, na picha iliporudi anachechemea, anajaribu kuukanyagia mguu, haukubali, anatolewa. Goti la kulia, yaani sio lile lililofanyiwa upasuaji, ni lile zima.

Dogo akainuka akatoka nje akakaa barzani. Tukadhani analia kwa ajili ya Rose, na kweli macho yalikuwa mekundu. Kepteni akamfuata. Barza yangu iko chini ya dirisha lile lile la modemu kwa hiyo kila kitu nilikisikia, na sikusogea.

Dogo akasema, "Kaka, na mie goti langu."

"Goti lako lina nini?"

"Linauma. Likivimba silali. Linanikwama kwa ndani, halafu likiachia nasikia kitu kimelia."

"Tangu lini?"

"Kabla ya Iddi."

Yaani mechi zote zile za kirafiki, tunashangilia, tunasema mwaka huu wetu, mtoto anacheza na maumivu. Hapo hapo yakanijia mambo. Suruali ndefu ya mazoezi hata siku za joto. Zile siku anaondoka kabla ya mbio kwa kisa cha tuisheni. Barafu anazonunua pale Malindi kwa wauza samaki, kumbe sio za nyumbani kwao.

Kepteni akamuuliza mbona hukumwambia Ticha. Dogo akajibu, "Nkimwambia ananitoa, anakurejesha wewe."

"Sasa mbona mimi unanambia?"

Na jibu lake nimekaa nalo miaka yote hii. Alisema, "Wewe huitaki nafasi yangu kaka. Ungekuwa unaitaka nsingekwambia."

Kepteni hakujibu. Nilisikia tu anamwambia apandishe suruali, kisha kimya, kisha anauliza hapa, na hapa, na hapa, na Dogo akapiga ukelele mdogo. Bulls walikuwa bado wanacheza na Portland lakini mie hata sikumbuki mechi ile niliimaliza vipi. Siku ile ile Kepteni akaomba ruhusa kazini, akampandisha kwenye vespa yake akampeleka kwa daktari wa mifupa, sio kwa mchuaji, na alisisitiza hilo mana mama yake Dogo alikuwa anataka achuliwe kwanza. Gegedu la ndani ya goti lilishaanza kuumia. Daktari akasema akipumzika na kufanya mazoezi atakayopewa kuna matumaini, akiendelea kuruka nalo kwenye saruji litachanika.

Chicago na wao wakapata majibu wikiendi hio hio, gegedu la Rose limechanika. Akafanyiwa upasuaji Novemba 25, likashonwa badala ya kukatwa kipande, na kushona kunachukua muda mrefu zaidi kupona, kwa hiyo msimu wake ukaishia kwenye mechi 10. Hatimae na yeye akayajua ya benchi, alipokwenda Detroit akawa mechi nyingi anaingia katikati. Niliposikia nilifurahi kwamba bado anacheza, sikuona aibu yoyote ndani yake, na nilimuwaza Kepteni.

Turudi Gymkhana. Jioni ile Kepteni akamueleza Ticha mambo yote, Dogo amesimama pembeni kainama. Ticha aliumia sana, akawa anajilaumu, halafu akasema basi hakuna njia, Kepteni unaanza wewe.

Kepteni akakataa.

Tulishangaa wote. Ticha akamwambia Avery Bradley alipoumia bega kwenye mtoano wa 2012 si Ray Allen alirudi kuanza? Kepteni akasema, "Bradley bega lilimtoka mbele za watu, hakuna aliyelificha. Huyu kalificha kwa sababu yangu. Nkianza mie leo, kesho kuna mwengine ataficha la kwake." Akataka aanze yule kijana wa tatu wa Jang'ombe, ambae mkono wake wa kushoto ulikuwa hauna hata dribo, na yeye abaki pale pale alipowekwa Oktoba. Ticha akamuuliza utanipa dakika ngapi basi. "Kumi na tano nzuri. Ukitaka ishirini ntakupa, lakini tano zitakuwa mbovu."

Wapo walioona Kepteni kaharibu, na wapo wanaoona hivo mpaka leo, mana mechi ya kwanza ya ligi tulipoteza na kijana wa Jang'ombe alinyang'anywa mipira mpaka tukamuonea huruma. Mie nasema alifanya sawa. Timu ina watu wa kufunga vikapu wengi tu, mtu ambae kijana anaweza kumfungulia mdomo kwamba anaumia alikuwa mmoja, na alikuwa yeye kwa sababu alikubali kukaa benchi na akakaa kweli, sio mwili uko benchi roho inasubiri mwenzake aanguke. Baada ya pale watu wakaanza kusema. Mwengine mgongo, mwengine kifundo, mimi mwenyewe bega langu nililisema.

Ubingwa hatukuchukua. Dogo alikaa msimu wote, kila mechi anakuja, anakaa kiti cha karibu na Kepteni, na mazoezi ya goti Kepteni alikuwa anamsimamia kwenye ngazi za pale Mnazi Mmoja. Kwenye benchi wakawa wanazungumza muda wote, huyu anaangalia beki, huyu anaangalia miguu. Kuna mechi moja tuko nyuma kwa mbili, inakaribia kuisha, na Dogo akamwambia Kepteni kabla hajaingia kwamba yule gadi wao akichoka anapasia kulia bila kutazama. Kepteni akaingia, akaisubiri ile pasi, akaiba, akampa mwenzake, akakimbia konani kwake akarejeshewa, akarusha. Thrii. Sie wote wa benchi tukaruka na Dogo akaruka na sie, na Kepteni anarudi kulinda huku anamnyooshea kidole, "Kaa chini wewe! Goti hilo! Kaa chini!"